Viti Vitano, Watu Wanane

Jumatatu, 1 Septemba

Mkurugenzi kaniita leo kabla hata sijaweka mkoba chini. Anasema morali ya timu yangu imeshuka. Nikauliza imeshuka kutoka wapi. Hakucheka.

Habari yenyewe ni hii, ngoja niiandike labda nitaielewa. Tuko wanane na mimi. Kazi yetu kujibu malalamiko ya watu walionunua friji, majiko na pasi zetu. Wawili tunakuja ofisini kila siku – mimi na Mzee wa Dirisha. Wanne ni nusu-nusu, siku mbili ofisini, tatu nyumbani. Wawili wako nyumbani moja kwa moja. Majibu yanachelewa, wateja wanang'aka, makao makuu wamechoka. Jumatano ya tarehe 17 wakubwa watajiunga na mkutano wetu kwa mtandao, nami niwaonyeshe kwamba watu wangu wana moyo wa kazi popote walipo. Nikishindwa, wote warudi ofisini siku tano kwa wiki.

Sawa, warudi. Lakini mwaka jana tulirudisha chumba kimoja kwa mwenye nyumba. Viti ni vitano! Nikamwambia. Akasema ndiyo, anajua ni vitano. Kisha akaanza kupanga kalamu zake.

Kwa hiyo watatu hawana kazi. Hakulitamka yeye, nimelitamka mimi kwenye ngazi nikishuka.

Na moyo wa kazi unaonyeshwaje? Unautoa na kuuweka mezani?

Jumanne, 2 Septemba

Nimeanzisha rangi. Kila asubuhi saa mbili kila mtu anatuma rangi yake kwenye kundi letu la simu. Kijani – niko vizuri. Njano – hivi hivi. Nyekundu – nimelemewa. Nilitangulia mimi, kijani, kuwapa moyo.

Wote kijani! Wanane kwa wanane. Nikafurahi kama nusu saa hivi, mpaka Mama Pacha, mmoja wa wale nusu-nusu, alipopiga simu kuomba ruhusa. Watoto wote wawili wana homa, hajapata usingizi, macho yanamuuma. Sasa mbona kijani? Akasema, dada, si wewe ndiye unayeandika ripoti?

Mzee wa Dirisha, ambaye kwa miaka kumi na moja hajakubali kuhamishwa pale dirishani, aliniuliza kama kijani cha asubuhi kinadumu kutwa au kinaisha mchana. Nilisema nitafuatilia.

Alhamisi, 4 Septemba

Aibu. Aibu tupu.

Leo nilifanya "Dakika Kumi na Tano za Furaha". Jina nimelibuni mwenyewe, Mungu anisamehe. Wote kwenye mtandao, kila mmoja ataje kitu kimoja kilichomfurahisha wiki hii. Mbwa wa mtu akabweka. Mmoja akasema kwao umeme haujakatika. Mwingine akasema na kwake hivyo hivyo. Mzee wa Dirisha akasema atafurahi dakika kumi na tano zikiisha.

Yule kijana wetu anayefanyia kazi nyumbani hakuonekana sura, kama kawaida. Aliandika tu: kamera mbovu. Ni mbovu tangu Juni. Wenzake wameshampa jina, Kamera Mbovu, na nadhani hata mimi jina lake halisi nitalisahau.

Jioni nimemsimulia binti yangu. Alijifunika uso kwa mto.

Ijumaa, 5 Septemba

Jambo la ajabu. Leo nilikaa kusoma majibu tuliyowaandikia wateja, ya kila mtu, tangu Mei. Nilikuwa natafuta wa kumlaumu. Nimekuta kitu kingine.

Kamera Mbovu! Mei alikuwa anaandika hivi: "Imepokelewa. Subiri." Basi. Sasa hivi anajibu barua arobaini kwa siku, na anajibu hivi, nanakili:

"YAH: JIKO LAKO KUGOMA KUWAKA. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Tumeisoma barua yako kwa masikitiko. Kupikia familia ya watu saba kwa moto mmoja kati ya minne si jambo dogo. Fundi atafika kesho kati ya saa tatu na saa tano. Asipofika, niandikie mimi, si mwingine. Pole sana kwa usumbufu."

Na baada ya siku saba anamwandikia tena yule mama kumuuliza jiko linaendeleaje. Hakuna aliyemwagiza! Mteja mmoja kajibu kwamba pasi bado mbovu lakini yeye ameridhika.

Kijana wa miaka ishirini na sita, nani kamfundisha "husika na kichwa cha habari hapo juu"? Nilicheka peke yangu mpaka Mzee wa Dirisha akageuka.

Nikataka kusema rangi zangu zimefanya kazi. Lakini mabadiliko yameanza Julai. Rangi zimeanza juzi. Basi ni nini? Mshahara ni ule ule. Bosi ni mimi yule yule. Sielewi, ila nafurahi.

Jumatatu, 8 Septemba

Nimempelekea Mkurugenzi zile barua. Alisimama kabisa. Huyu ndiye tunayemtaka, anasema. Huyu atazungumza tarehe 17, dakika tano, mbele ya wakubwa, anavyojipa motisha akiwa nyumbani. Kamera wazi. Wakimwona huyu, habari ya viti itakwisha.

Halafu akaamua apewe zawadi. Nikadhani cheti. La – kiti! Kiti cha ofisi, cha magurudumu, kipya. Nilimtazama nione kama anatania. Hatanii. Ofisi haina viti, na zawadi ni kiti.

Jumatano, 10 Septemba

Nimemwandikia Kamera Mbovu habari njema. Akajibu: "Nashukuru kwa heshima hii. Hata hivyo naomba apewe mwingine anayestahili."

Unyenyekevu ulioje! Nikasisitiza. Akajibu kiti kisiletwe, nyumba ni ndogo. Nikamwambia kiti kinakuja kesho alasiri na mimi mwenyewe ndiye nitakayekileta. Baada ya saa nzima: "Karibu."

Mume wangu anasema mtu anayekataa kiti ana lake jambo. Yeye ni fundi wa kuchomelea, kila kitu kwake kina ufa mahali.

Alhamisi, 11 Septemba

Sijui nianzie wapi. Nianze na ngazi.

Ghorofa ya pili. Mimi na dereva wa kampuni tumebeba kiti, magurudumu yanageuka geuka na kutugonga magotini. Korido ndefu, ndoo za maji mlangoni kwa kila mtu. Nikabisha hodi. Alifungua mama mmoja, miaka kama sitini na sita, miwani ina mnyororo shingoni, sweta limefungwa vifungo vyote, saa mkononi, viatu vya kufunika miguuni. Ndani ya nyumba yake mwenyewe! Nikajua anatoka. Nikamwomba radhi kwa kumchelewesha safari.

"Siendi popote, mwanangu," akasema. "Niko kazini."

Nikaona meza. Kompyuta yetu. Trei mbili za plastiki, moja "ZILIZOINGIA", moja "ZILIZOTOKA". Daftari limepigwa mistari kwa rula, majina ya wateja, tarehe, na tarehe ya siku saba baadaye. Kikombe cha chai kimefunikwa kisosi. Na pembeni, kimekunjwa vizuri, kitambaa cha kufuma cha kufunikia kompyuta saa ya kufunga ofisi.

Kijana alitoka jikoni akifuta mikono kwa aproni. Ndiyo mara ya kwanza namwona tangu Juni. Amekonda. Hakunitazama usoni.

Dereva akasema atasubiri chini. Ana akili yule.

Kwa kifupi – hapana, si kwa kifupi, niandike yote. Mwezi wa sita kijana alishindwa. Si ugonjwa wenye jina. Anasema alikuwa anakaa mbele ya kompyuta na mikono inakataa. Asubuhi mpaka jioni, ukuta na yeye, ukuta na yeye, watu wenye hasira mia moja kwa wiki na hakuna hata mmoja anayejua kama yupo. Siku moja alijilaza sakafuni chini ya meza. Mama yake akamkuta. Akaketi, akasoma barua iliyokuwa kwenye skrini, akaijibu.

"Ilikuwa moja tu," mama akasema. "Ya friji. Nikasema huyu mtu hawezi kulala hivi hivi bila jibu."

Alikuwa katibu muhtasi miaka thelathini na moja. Anachapa kwa vidole kumi bila kutazama. Nilimwona, ni kama mvua juu ya bati. Amefanya kazi na mabosi wanne na wote, anasema, walikuwa hawajui tarehe. Amestaafu miaka sita sasa. Miaka sita amekaa kama kabati, ndivyo alivyosema mwenyewe, watu wanampita wakienda kuchukua kitu kingine.

Sasa anaamka saa kumi na moja na nusu. Kijana anapika, anafua, anapiga pasi lile sweta. Na kijana naye amepata nafuu kidogo, anasema kupika kunamtuliza, kitu unakianza na kinakwisha.

Nikauliza rangi anatuma nani. Mama akasema yeye, saa mbili kamili. Kijani. Alidhani ndiyo sare.

Kijana akanyanyua macho. "Dada, kile kiti usiniachie. Nitakikaliaje?"

Na mama akaniuliza, tena kwa sauti ya kikazi kabisa, kama kuna kasoro katika utendaji wake.

Nikasema hakuna. Nikasema ni kazi bora kuliko zote nilizoziona. Akainamisha kichwa, akashusha miwani, akaifuta. Nilikuja kutoa zawadi, nikajikuta nanywa chai kwenye ofisi ya mtu asiyeajiriwa, nikimwonea wivu.

Kiti nimekiacha. Dereva aliuliza kama kijana amefurahi. Nikasema sana.

Ijumaa, 12 Septemba

Kichwa kimevurugika. Nijaribu kupanga.

Nikisema: kijana anafukuzwa leo hii. Amempa mtu wa nje neno la siri la kampuni, majina na anwani za wateja. Mkurugenzi atasema mnaona watu wa nyumbani! Wote warudi. Viti vitano. Watatu nje, na Mama Pacha ndiye wa kwanza, najua, kwa zile ruhusa zake.

Nisiposema: Jumatano kamera inafunguliwa. Nani atakaa mbele yake? Kijana azungumze habari ya moyo alioupoteza? Au nimfundishe uongo, mimi, msimamizi? Na ikigundulika baadaye, basi mimi ndiye wa kwanza nje, na ada ya shule ya binti yangu nani atalipa?

Nimewauliza nyumbani, bila kutaja mtu. Binti yangu hakuona tatizo. Kazi si imefanyika? Vizuri? Sasa? Mume wangu akasema inategemea. Yeye akipewa geti la mtu halafu shemeji ndiye akalichomelea, geti likianguka anashtakiwa nani? Nikamwambia geti halijaanguka. Geti ndiyo kwanza limesimama! Akasema hapo hata yeye hajui, akaomba apitishiwe chumvi.

Leo asubuhi nimetuma kijani. Kidole kilikwenda chenyewe.

Jumapili, 14 Septemba

Nimempigia Bi Katibu. Ndivyo ninavyomwita moyoni. Nilijidai namuulizia kiti. Anasema kiti hakikaliwi na mtu, kimewekwa pembeni na kimefunikwa.

Kisha nikamuuliza swali nililotumwa kulijibu wiki mbili hizi. Nini kinamwamsha saa kumi na moja na nusu, bila mshahara wake mwenyewe, bila jina?

Akasema kuna mtu aliandika friji imezima na ndani yake mna dawa ya sindano ya baba yake. Alimjibu aizungushie dawa kitambaa kibichi na kuiweka kwa jirani, fundi anakuja. Siku ya saba alimuuliza. Mtu akajibu, baba anasalimia.

"Baba anasalimia," akarudia. "Mimi. Ananisalimia mimi."

Nikauliza kama kijana hakuwahi kupata salamu kama hizo. Akasema angezipata wapi? Sisi tunafunga faili fundi akishatumwa. Mwenye kujibu hajui kamwe friji ilipona au ilikufa.

Ni kweli. Ni utaratibu wetu. Niliuandika mimi, mwaka juzi, ili kuokoa muda.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimewaambia wote: chagueni mteja mmoja wa wiki iliyopita, mwandikieni, muulizeni hali ya kile chombo. Hakuna ripoti. Hakuna alama.

Nikawaambia na jingine. Rangi sizipeleki tena kokote, ni zangu tu. Na kwamba nitakayemwona nyekundu nitampigia simu, si kumuuliza kwa nini, bali kumpunguzia barua kumi.

Saa tisa Mama Pacha kacheka kwa sauti pale kwenye kiti chake. Mteja kamtumia picha ya maandazi, oveni imefanya kazi kwa mara ya kwanza tangu Agosti. Akaizungusha simu ofisi nzima. Mzee wa Dirisha akaacha dirisha, akaja kuangalia. Aliacha dirisha!

Jumanne, 16 Septemba

Rangi za leo: kijani mbili, njano nne, nyekundu mbili. Mzee wa Dirisha njano – akaongeza kwa maneno kwamba ni njano tangu mwaka alioanza. Mama Pacha nyekundu.

Niliona machozi yananitoka. Ni rangi za kweli! Watu wamesema kweli! Halafu nikakumbuka Mkurugenzi naye yumo kwenye kundi. Dakika mbili hazikupita. Akaja mbio, simu mkononi. Wiki iliyopita wote kijani, leo, siku moja kabla ya wakubwa, nyekundu mbili! Nimefanya nini? Nikamweleza kwamba hii ndiyo morali imepanda. Alinitazama kama ninayehitaji likizo. Sikuweza kumlaumu, hata mimi nikijisikiliza sikujielewa sana.

Kuhusu nyekundu ya pili. Imetoka kwa Kamera Mbovu. Saa mbili kamili. Ni yeye? Ni mama yake? Nimepiga simu mara tatu, haipokelewi. Saa kumi na moja, muda wa kufunika kompyuta, umekuja ujumbe mmoja: "Kesho tutakuwepo. Kamera imetengenezwa."

Tutakuwepo. Wangapi?

Nilikwenda mpaka mlangoni kwa Mkurugenzi nimwambie yote. Nilisikia anazungumza na simu, anasema huyo kijana mtampenda. Nikarudi.

Jumatano, 17 Septemba

Saa nne na dakika tano. Naandika mkutanoni, daftari liko mapajani chini ya meza. Wakubwa watatu kwenye skrini ukutani, nyuso kubwa kuliko zetu. Sisi wa ofisini tumevijaza viti vyote vitano, na Mkurugenzi amesimama. Nimejipanga sentensi ya kwanza mara sita, na ya pili haiji.

Saa nne na robo. Nimeonyesha zile barua. Mkubwa mmoja kasoma ya jiko kwa sauti, akatabasamu. Kauliza huyu mwandishi ana umri gani. Mkurugenzi kasema, bado kijana!

Saa nne na ishirini. Anaitwa. Dirisha lake kwenye skrini ni jeusi. Jeusi bado. Mzee wa Dirisha ananong'ona, kamera mbovu. Hakuna anayecheka.

Imewaka.

Ni kiti. Kile kiti, kimevuliwa kitambaa, na anayekikalia ni mama, sweta na vifungo vyote, miwani, karatasi mkononi. Kijana amesimama nyuma yake, amevaa shati, mkono ameuweka juu ya mgongo wa kiti. Anatazama mbele.

Mama anakohoa kidogo. "Yah: ukweli kuhusu barua zetu," anasoma. Kisha anashusha karatasi. Anasema, kabla hajaendelea angeomba msimamizi wake wa kazi amtambulishe, ndiyo utaratibu.

Msimamizi wake wa kazi!

Mkurugenzi kanigeukia. Huyu mama ni nani? Wakubwa nao, wote watatu, wanatafuta kwenye picha msimamizi ni yupi. Mama Pacha kanishika kiwiko.

Nimetuma rangi. Nyekundu. Simu zote mezani zimelia pamoja, na ya Mkurugenzi.

Wanasubiri. Nainuka, kiti kimerudi nyuma chenyewe mpaka ukutani. Kalamu bado iko mkononi, nasema huyu ni mwandishi wa barua zile, nami nimelijua hilo tangu Alhamisi, na